Mkono Mtupu Kabla ya Nazi ya Dhahabu

Jumatano, 30 Julai 2025
Mashua imepakwa rangi. Kijani na nyekundu. Hakuna mashua nzuri kama yangu Madh nzima, na anayebisha aje na yake tupime! Shule niliachia darasa la nne, lakini herufi za ubavuni nimeandika mwenyewe, na zimenyooka.

Siku kumi mpaka Purnima ya Nazi, sikukuu ya mwezi mpevu tunapoipa bahari nazi. Dada Godavari hajaja mwaka wa nne huu. Amenuna tu. Mwanamke akinuna, mwache, atachoka.

Hajachoka.

Jumapili, 3 Agosti
NIMECHAGULIWA! Mimi, Damodar! Nitabeba nazi ya dhahabu mbele ya ngoma, mbele ya kina mama wote, mpaka majini. Mzee Kashinath alisema, Damu, una kifua na una sauti. Nikamwambia kifua hiki kiliwahi kuzuia papa. (Papa mdogo.)

Ila akauliza, dada yako anakuja? Maana mbebaji haigusi nazi kabla dada yake hajamfunga uzi mkononi. Ndivyo tulivyo. Bahari haipokei kitu kutoka mkono mtupu.

Nikajibu, anakuja! Hakosi hata mwaka mmoja!

Yamuna mke wangu alikuwa anageuza samaki wa bombili juani. Akanitazama. Yeye anajua kwamba nyuzi za miaka mitatu iliyopita nilizinunua sokoni Versova, nikajifunga kwa meno, nikasema zimekuja kwa posta.

Jumanne, 5 Agosti
Nimepiga simu Arnala, kwa Godavari. Akapokea binti yake, Sushila. Mjomba, shikamoo, mama yupo lakini mikono ina unga. Nikamwambia mwulize kama anakuja. Nikamsikia Godavari kwa nyuma, sauti ileile ya kuitia wateja sokoni:

“Mwambie mjomba wako ajifunge mwenyewe kwa meno. Si ndiyo meno yaliyoshika kisu?”

Sushila akacheka. Nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Mtandao ulikuwa mzuri.

Alhamisi, 7 Agosti
Yamuna anakuna nazi za kesho kutwa. Wali wa nazi, sukari guru, iliki. Harufu hiyo ni Godavari mtupu. Vidole vyake vilinukia hivyo akinifunga uzi. Mafundo matatu, tena anayakaza mpaka ananing’oa vinyweleo. Nikianza hadithi ananijaza kashata mdomoni: “Nyamaza, tafuna.” Hakuna mwingine aliyeweza kuninyamazisha. Sasa naongea tu. Mwaka mzima naongea.

Yamuna akasema, “Baba Ganpat, mwambie Kashinath ukweli, abebe mwingine.”
Nikamwambia yeye hajui mambo ya wanaume.
“Nayajua. Nimeolewa nayo.”

Ijumaa, 8 Agosti
Basi. Daftari langu mwenyewe, hakuna atakayesoma.

Siku ya kumi ya msiba wa shemeji Bhaskar, mume wa Godavari, watu walikaa kimya mno. Kimya kinaniuma mimi. Nikawapa ile hadithi ya tufani, wavu umejisokota kwenye pangaboi, mashua inageuka ubavu, na mimi najitupa majini, kisu kwenye meno, nakata, naokoa watu sita. Walinipigia makofi! Msibani! Godavari akainuka, akaondoka na sinia lake.

Aliyeruka ni Bhaskar. Mimi nilikuwa nimekumbatia mlingoti, nalia namwita mama. Alipopanda, damu mdomoni, akaniambia, “Damu, hili halitoki humu.” Halikutoka, ila kwa mkewe tu. Alinitunzia aibu yangu miaka kumi na tisa, nami nikamvua sifa yake hata majivu hayajapoa.

Haya. Nimeandika.

Jumamosi, 9 Agosti
AMEKUJA! Saa tisa, sari yake ya kijani, maua kichwani, kanenepa kidogo. Ngoma zimeshafika mlangoni, Kashinath kashika nazi inametameta, watu hamsini uani. Nikanyoosha mkono. Machozi yalinitoka, nikasema ni moshi.

Hakufunga. Kakaa kizingitini, uzi ndani ya ngumi.

“Damu.”
“Naam, dada.”
“Ile hadithi yako ya kisu. Wape. Wote wapo.”
Watu wakashangilia, haya, Damu, tupe! Wanaijua kwa moyo, ile yangu.
“Nitafunga ukimaliza,” akasema. Hakucheka.

Nikasema ngoja nikachukue kofia yangu nyekundu. Ndiyo niko ndani, naandika nimesimama. Maji yameshajaa, hayatanisubiri.

Namsikia akimwambia Yamuna, “Wifi, mbona kofia iko kichwani mwake?”

Ngoma zimenyamaza. Wananisubiri mimi.

Nitaanzia kwenye kisu. Kisu kilikuwa cha Bhaskar. Nikishasema hilo, mengine