Kadi za Bazoka za Marehemu Ambrosi

Masasi,
9 Machi 2003

Kwa binamu yangu Mwalimu Ethel,

Salamu nyingi kutoka huku chini ya milima. Sisi hatujambo. Mama amepona mafua aliyoyapata kwenye matanga na anakusalimu sana. Nataraji nawe huko Mkunya hujambo, darasa la nne halijakumaliza sauti, na tangi la shule bado lina maji. Kama hamna, sema nikuletee dumu, maana ninyi watu wa juu mnaoga kwa kijiko.

Nina mambo mawili. La kwanza ni la mkekani. Siku ya kumaliza matanga, wazee waliponikalisha wakanivika koti la anjomba, mjomba wangu na baba yako, na kuniita kwa jina lake Ambrosi, watoto wote wa marehemu walikuja kuniamkia. Kaka yako Nikolao, mwenye mvi zake, alipiga goti akasema shikamoo baba. Wewe peke yako ulikumbuka ghafla kwamba kuna sufuria halijaoshwa. Nililiona hilo, mwanangu, na nimelitunza. Najua umenizidi mwaka mzima na ndiwe uliyekuwa ukinifunga kamba za viatu, lakini mpwa akishapewa jina amepewa na watoto. Hata imamu wetu amecheka, kwamba Alfani wa mama Regina sasa anaitwa Ambrosi.

La pili ni kopo la biskuti lenye kadi za wachezaji. Nilipewa pamoja na koti na panga. Wateja wa picha za pasipoti wamekuwa wachache, basi nimekaa nalo studioni wiki tatu nikizitazama moja moja. Rafiki yangu Emmanuel, niliyesoma naye sekondari, ana kafe ya intaneti Mtwara. Anasema siku hizi kuna makumbusho yasiyo na jengo. Unapitisha kitu kwenye skana, unakiweka kwenye mtandao, na mtu aliye Japani anaingia kutazama bila kuvua viatu. Nataka kuzipanga kadi za anjomba namna hiyo, kwa vyumba viwili. Chumba cha zamani kitakuwa na zile za pakiti za sigara za wakati wa Mwingereza na zile za bazoka za kutafuna alizokusanya yeye. Chumba cha sasa kitakuwa na hizi zinazong'aa ninazonunua mimi hapa stendi.

Taabu ni kwamba siwajui watu hawa. Maandishi mengi yamefutika. Wewe unawajua, basi niandikie mistari miwili mitatu kwa kila kadi. Tena, katika daftari lililomo koponi, alimozibandika, nafasi ya kwanza kabisa ni tupu, imebaki gundi kavu. Unajua kadi yake ilikwenda wapi?

Barua hii nimempa utingo wa basi la asubuhi.

Ni mimi baba yako mpya,
Alfani


Mkunya,
27 Machi 2003

Alfani,

Hujambo. Huku hatujambo, mvua imenyesha, mihogo imeshika na maji yapo, kwa hiyo dumu lako kaa nalo. Nisalimie shangazi Regina, mwambie nguo aliyoisahau nimeifua.

Mimi sina baba mpya. Nilikuwa na mmoja, amelala nyuma ya kanisa, na shuka zake nilizifua mimi hadi siku ya mwisho.

Nakuambia wazi kwamba nina wivu, usije ukasema nimeficha. Desturi naijua kuliko wewe. Mimi ni wa ukoo wa mama yangu, wewe mtoto wa dada yake ni wa ukoo wa baba, na kopo lilikuwa lazima litoke kwetu. Lilipotoka chini ya kwapa lako nilikuwa jikoni, na niliuma kanga nisipige kelele. Tangu siku ile nikipita barazani naona pale lilipokuwa likikaa, na ninakuchukia kidogo, halafu naenda kazini.

Unajua kadi zile zilipatikanaje? Mwaka 1988 maduka ya Masasi yalikuwa yameanza kujaa vitu, baada ya ile miaka ya kufulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Baba alikuwa akiendesha lori la korosho, na kila safari alileta bazoka zenye kadi ndani. Kaka zangu walikimbilia uwanjani. Mimi nilikaa naye barazani, na kazi yangu ilikuwa kutafuna, maana mama alisema kitu kilichonunuliwa hakitupwi, na baba meno yalikuwa yakimuuma. Nilitafuna hadi taya zikagoma. Yeye alifuta unga wa sukari kwenye kadi kwa pindo la shati, akanisomea jina na timu, nami nikarudia mpaka nikashika. Zile za sigara alizirithi kwa babu, aliyekuwa mpishi wa wazungu wa mradi wa karanga kule Nachingwea. Hizo nazo alinisomesha.

Wewe ulikuwa wapi? Ulikuja likizo, ukala mabibo yetu, ukarudi Masasi na tumbo limekuvimba. Leo unalo kopo, unalo koti, unalo jina, na bado unataka kilichomo kichwani mwangu. Hicho wazee hawakukigawa.

Kuhusu ile nafasi tupu, sijui. Panya wa nyumba yetu unawafahamu.

Binamu yako,
Ethel


Masasi,
20 Aprili 2003

Kwa mwanangu mkali Ethel,

Natumaini barua hii itakukuta na afya na hasira imepungua hata robo. Sisi wazima. Mama amesoma barua yako, akaikunja, akasema, "Huyo ni Ambrosi mtupu." Sikujua ananisema mimi au anakusema wewe.

Sitakusumbua sana. Kadi zote nimeshazipitisha kwenye skana na zimo kwenye diski nne. Emmanuel anataka maelezo kabla ya Julai. Mzee Suleimani wa sokoni, yule aliyewahi kuwa refa, amesikia habari na amejitolea kuandika yeye. Anasema anamjua kila mchezaji aliyewahi kuvaa bukta. Nimemwambia angoje kidogo, nikisubiri jibu lako.

Baba yako, ambaye bado anangoja shikamoo,
Alfani


Mkunya,
8 Juni 2003

Kwa binamu yangu mpendwa Alfani,

Salamu tele kwako, kwa shangazi na kwa jirani zako wote wa stendi. Mimi mzima wa afya. Mikorosho imeanza kutoa majani mapya na watoto wa shule wamefunga juzi.

Nimefikiri sana nikaona kwamba Mzee Suleimani atakuharibia kazi. Kwa hiyo nimekaa jioni nyingi nikaandika daftari zima, kadi kwa kadi, namba kwa namba, kama baba alivyozipanga, maana zote nazikumbuka kichwani. Tafadhali uyaweke maelezo kama yalivyo, usibadili hata neno, na huyo mzee usimwonyeshe, atakuvuruga. Nakutakia mafanikio katika makumbusho yako.

Binamu yako akupendaye,
Ethel


Masasi,
17 Agosti 2003

Kwa binamu Ethel,

Hujambo? Mimi sijambo, mama hajambo. Huku vumbi limeanza.

Makumbusho yalifunguliwa mwanzoni mwa Julai. Nilikwenda Mtwara mwenyewe, nikaketi mbele ya kompyuta ya Emmanuel na koti la anjomba mwilini, jua likiwaka, watu wakinishangaa. Nilifungua chumba cha zamani nikaona uso wa kila mchezaji na maneno yako chini yake. Nilifurahi kama mtu aliyejenga nyumba. Nilinunulia soda kila aliyekuwemo.

Wiki iliyopita Emmanuel alinitumia karatasi. Kuna mzee mmoja wa Uingereza anayekusanya kadi kama hizi, aliingia akasoma yote, akaandika. Yule bwana wa namba tatu, mwenye nguo nyeupe na ubao mkononi, wewe uliandika kwamba ni seremala aliyeazimwa kuwa golikipa, na ubao ni wa kazi yake. Mzee yule anasema ni mchezaji wa kriketi, na kwao hata mtoto anajua. Namba tisa uliandika ni mwimbaji wa kwaya aliyepewa jezi kwa sababu ya sauti yake. Kumbe alikuwa bondia. Namba ishirini na moja, uliyesema alifunga bao kwa kisigino akiwa amelala, hakufunga bao maisha yake yote, alikuwa beki. Amezitaja nyingine nyingi. Mimi sikushtuka nilipoyanakili kwa sababu sikujua, na kwa sababu yalitoka kwako. Mwisho mzee ameandika hivi, Emmanuel amenitafsiria: "Marehemu Ambrosi alizipenda sana kadi zake, inasikitisha kwamba hakuelewa alichokuwa nacho."

Ethel, hilo ndilo lililoniuma. Mimi unicheke unavyotaka, sisi ni binamu na tumetaniana tangu tukiwa uchi. Ila aliyechekwa hapa ni mwenye kopo.

Uliniuliza nilikuwa wapi. Sasa nikujibu. Nilikuwa shambani. Mpwa ndiye mwenye kuchapwa, na anjomba alinichapa. Nilipokuja likizo alinipa jembe alfajiri, akanisimamia, nikikosea mstari alinirudisha mwanzo. Nilikula mabibo kwa sababu nilikuwa na njaa. Jioni nilikuwa nikikaa nje ya baraza nanawa miguu, nawasikia wewe na yeye hapo juu mnasoma majina, mnacheka. Siku moja nilinyoosha mkono nishike kadi, akanipiga vidole. Akasema, "Mikono yako ni ya kazi." Kwangu alikuwa mjomba. Kwako alikuwa baba. Walipoliweka kopo mikononi mwangu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kutazama vidole vyangu. Kwa hiyo ukisema una wivu, ujue hatujawahi kupishana. Mimi wangu ni wa miaka kumi na tano.

Sitabadili neno hata moja. Uliniomba nisibadili. Kama una la kusema, Mtwara unaijua njia yake, nenda ukatazame mwenyewe.

Binamu yako,
Alfani


Mkunya,
28 Septemba 2003

Shikamoo Baba,

Usiruke juu ya kiti. Nimesema mara moja na sijui kama nitarudia.

Natumaini hujambo, na shangazi hajambo. Mimi afya ninayo, usingizi sina. Barua yako niliipokea mapema nikakaa nayo bila kujibu, kwa sababu kila nilipoanza kuandika nilijitetea, na nikisoma nilichoandika naona aibu.

Tulikuwa na semina ya walimu Mtwara wiki iliyopita. Siku ya pili mchana nikaomba ruhusa nikaenda kwa rafiki yako Emmanuel. Sikumwambia mimi ni nani. Nilimwomba tu anifungulie makumbusho ya kadi za mpira, akaketi kando yangu kunionyesha jinsi ya kushika kile kidude cha kubofya.

Nilikwenda nimejiandaa kuona jina lako. Nililitafuta kila mahali, Alfani, nikiwa na hamu ya kukasirika. Halipo. Mlangoni kumeandikwa: "Kadi za Ambrosi wa Mkunya na bintiye Ethel. Maelezo yote ni ya Ethel, aliyezikusanya pamoja naye." Jina lako sikuliona hata chumba cha sasa, ambacho kadi zake ulizinunua kwa jasho lako.

Halafu nikaona fremu ya kwanza. Haina picha. Ndani yake kuna maneno tu: "Kadi ya kwanza. Anayo binti yake, na ni yake."

Kumbe ulijua tangu mwanzo. Uliniuliza kwenye barua yako ya kwanza hali unajua, nami nikawasingizia panya.

Nilisoma uongo wangu wote mstari kwa mstari, na jina langu juu yake. Nyuma yangu walikuwa wamesimama wanachuo wawili wakingoja zamu. Mmoja akasoma ile ya seremala kwa sauti, wakacheka, akasema mwalimu huyu na baba yake walikuwa wanaota. Ningeweza kugeuka nikasema baba yangu alijua kriketi ni nini, alinieleza barazani kwa mwiko wa mama na chungwa bichi. Sikugeuka, maana aliyemfanya baba aonekane mjinga nilikuwa mimi. Nililipa nikatoka.

Nilitaka wakucheke wewe. Hiyo ndiyo kweli, haina upande mwingine. Nilidhani umejenga nyumba yako kwa vitu vyangu, nikaona nikutilie mchanga kwenye chakula. Sikujua sahani ilikuwa ya baba.

Habari za jembe na vidole sikuwahi kuzijua. Nakukumbuka ukinawa miguu pale nje, nilikuwa nakuona kutoka barazani. Nilifikiri hupendi kadi. Nilifurahi kwamba huzipendi.

Basi, pamoja na barua hii utapokea daftari jipya. Humo nimeandika kweli tupu, kama alivyonisomea. Pale nisipojua nimeandika sijui. Mzee wa Uingereza apelekewe jibu kwamba Ambrosi alijua alichokuwa nacho, asiyejua thamani yake alikuwa mwanawe. Chini ya chumba cha sasa naomba uandike jina lako, la Alfani, si la koti.

Ndani ya bahasha, katikati ya karatasi mbili ngumu, ipo kadi ya kwanza. Niliitoa kwenye daftari siku ya mazishi, nilipokwenda kuchukua vikombe. Huyo ni golikipa mwenye jezi ya kijani. Ukiitazama pembeni utaona alama. Siku baba aliponipa bazoka ya kwanza maishani mwangu, kwa pupa niliuma vyote pamoja, bazoka na golikipa. Alicheka mpaka akakaa chini.

Ipitishe kwenye skana, uiweke kwenye ile fremu, halafu unirudishie kwa utingo huyu huyu. Wivu haujanitoka, usije ukadhani nimekuwa malaika, na nikiona kopo kwako nitanuna tena. Lakini kopo lote ni lako kwa ukoo, sitalidai. Hii moja tu ndiyo yangu, kwa meno.

Mwanao, kwa barua hii,
Ethel