Jicho Jeupe la Ng'ombe wa Nadhiri

Papa,

Kahawa amechinjwa. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, hutasikiliza salamu kabla ya kupewa habari za ng'ombe. Amechinjwa asubuhi ya Idi, baada ya swala, na nadhiri yako imetimia. Sasa unisikilize vizuri, maana nina hasira na wewe, na muntu hamukasirikii haraka haraka baba yake aliyekufa.

Unakumbuka ile siku tulipokimbilia Kigoma. Risasi zilikuwa zinalia upande wa gare, kwenye stesheni ya treni, sisi tumebanana kwenye boti, maji yanaingia, watu wanatapika na kusali. Wewe ukasimama, ukashika bega la Mama, ukasema mbele ya wote: "Mungu akituvusha, nitachinja ng'ombe wa Idi, wasio na kitu wale." Boti nzima ikaitikia amina. Wakati ule ulikuwa na zizi lililojaa ng'ambo ya muto Lukuga, ng'ombe mumoja kwako lilikuwa jambo dogo. Tuliporudi Kalemie tukakuta wenye bunduki wamepita, zizini yamebaki mavi makavu. Kahawa peke yake alikuwa ametoroka, sijui wapi. Alikuja kusimama mulangoni kwa Mama, kwato zimepasuka, ananguruma. Halafu homa ikakuchukua kabla ya Idi kufika.

Tangu homa ikulaze, maziwa yake njo yametushika. Ng'ombe alikuwa wako, lakini Mama njo alimuzoeza kutoa maziwa bila ndama, kwa chumvi na kwa kumuimbia sikioni kila asubuhi. Kidogo tulikunywa sisi, mengine Mama alibadilisha na unga wa muhogo na ndagala, wale dagaa wa ziwa. Ulikuwa unajua hayo yote ulipokuwa kitandani, na hukusema neno juu ya ile ahadi. Hapo njo hasira yangu inaanzia.

Baba mukubwa Idrisa hakusahau. Kilio chako kilipokwisha alikuja, akakaa, akanywa chai ya maziwa ya Kahawa, ndiyo akasema: "Marehemu aliahidi ng'ombe, na ng'ombe aliyebaki njo huyu. Mutamuacha ndugu yangu alale na ahadi shingoni?"  Mama aliinuka akaenda kumupa Kahawa majani, akakaa huko mpaka shemeji yake akaondoka.

Kisha kiangazi kikaleta vumbi na nzi. Jicho la kushoto la Kahawa likaanza kutoa machozi, likafumba, na lilipofunguka lilikuwa jeupe kama ganda la yai. Ukipitisha mukono mbele yake hapepesi. Mama alikuja kunishika mukono nikiwa nafua, akasema polepole: "Zuhura, nyama wa zizi asiyeona hachinjwi Idi. Si njo vile?" Nikamuambia njo vile. Papa, uso wake ulifunguka. Sikuwa nimeuona hivyo tangu ulipofariki.

Shehe alipoitwa alilitazama lile jicho muda murefu. Akasema kama weupe uko juu tu na jicho lingali zima ndani, ng'ombe anafaa. Kama jicho limekufa, hafai, tungoje mpaka Mungu atupe mwingine. Na katika vita hii, mwingine angetoka wapi? Ilikuwa sawa na kusema Kahawa ataishi. Kisha shehe akauliza nani ataona nyuma ya weupe ule, na wote wakanigeukia mimi.

Walikuwa na haki. Wewe ulikuwa muganga wa nyama wa zizi, na kila Idi ilipokaribia watu walikuletea ng'ombe wao wenye macho ya mashaka, ukatoa ile mashine ya eko uliyoachiwa na mradi uliofungwa, mashine ya kupimia mimba, ukapeleka sonde, kichwa chake cha waya, kwenye jicho watu wakacheka. Mimi nilishika kichwa cha ng'ombe, wewe ulisema bila kunitazama: "Usiguse jicho lenyewe. Fumba kope, weka sonde juu ya kope." Mafuta ya kupaka chini ya sonde yalipokwisha na barabara zikafungwa, ulipika uji wa unga wa muhogo, mwepesi, ukaupoza, ukapaka huo. Mama alikuwa akilalamika kwamba unawalisha ng'ombe bukari, ugali wetu, kwa macho.

Basi nikapika uji. Nilipika kama mwanamuke wa Kalemie anavyopika, Papa, nikausonga kwa nguvu, mukono haujui namna nyingine. Betri nilikuwa nimeichaji juani. Mama alimushika Kahawa pembe, Baba mukubwa na shehe wakasimama nyuma yangu. Nilianza na jicho la kulia, lile zima, kama ulivyonifundisha, ili nijue kwanza nyumba yake inavyokaa. Nilipaka uji wa juu ya sufuria, mwepesi, picha ikatoka vizuri. Kisha nikachota uji wa chini, mzito, nikapaka kope la kushoto, nikaweka sonde.

Giza. Mbele ulionekana musitari wa kope, nyuma yake hakuna kitu, vivuli vyeusi tu vinashuka mpaka chini.

Baba mukubwa akaguna, "Limekufa hilo." Shehe akasema Mungu anajua zaidi. Niliona mikono ya Mama inalegea kwenye pembe, kidole gumba kinampapasa Kahawa paji la uso. Na mimi nilifurahi. Nakuambia kweli, nilifurahi.

Lakini nilikuwa naijua ile giza. Jicho lililokufa lina sura yake: pazia la nyuma limebanduka ukutani, linaning'inia, linacheza ng'ombe akitikisa kichwa. Hiyo ulinionyesha mara nyingi. Hii haikuwa na pazia wala ukuta. Hii ilikuwa pumzi, hewa ya uji. Uji ukisongwa kama bukari unameza pumzi, vipovu vinakaa ndani, na mashine haipiti kwenye kipovu. Muntu mwingine yeyote pale asingejua. Ningefuta kope, ningezima mashine, na kesho yake Mama angekamua.

Nilisimama pale, Papa. Nilikutafuta kichwani uniambie kitu, na ulichokuwa unasema ni kile cha siku zote ulipowarudishia watu ng'ombe wao: "Mimi sina ng'ombe hapa. Nina jicho tu." Zamani nilidhani ni maneno ya muganga wa nyama anayejisikia. Ulikuwa na zizi lililojaa, ilikuwa rahisi kwako kusema.

Nikachukua kitambaa, nikafuta kope. Nikachuja uji, nikauacha utulie mpaka vipovu vikapanda vikapasuka. Hakuna aliyeniuliza nafanya nini. Nikapaka tena, nikaweka sonde.

Jicho lilikuwa zima. Maji safi, meusi vile mashine inavyoyaonyesha, lenzi imekaa mahali pake, na ukuta wa nyuma laini, pazia limeushika kote. Wingu lilikuwa la juu tu, la nzi na vumbi, na baada ya muda lingeondoka. Nikasema: "Jicho ni zima ndani. Anafaa." Sauti yangu niliisikia kama ya muntu mwingine.

Mama aliachia pembe, akaingia ndani.

Siku ya Idi alimuosha mwenyewe, akamumwagia maji hata kwenye kwato. Nyama yote ilipelekwa kwa wale waliokimbia vijiji vyao wanaolala shuleni. Sisi hatukuonja, nyama ya nadhiri hailiwi na mwenye nadhiri. Harufu ya kuchoma ilitufikia nyumbani, Mama akafunga dirisha. Asubuhi iliyofuata aliamka saa ile ile, akatoka na sufuria, akafika kwenye kamba, akarudi. Tunakunywa chai kavu, bila maziwa.

Hakunisemesha mpaka Ijumaa. Tulikuwa tunapepeta unga, akasema bila kuinua kichwa: "Nilikuona ulipofuta. Nilijua ungeweza kuacha." Akakung'uta ungo. "Ungeacha, ningekushukuru kila siku. Lakini kila siku ningejiuliza na mengine unayoniambia." Akaendelea kupepeta. Kisha akalia, kwa sauti, vile hakulia hata kwenye kilio chako, na nikalia naye, unga ukamwagika.

Papa, lala. Ahadi yako haiko shingoni tena. Mashine nimeifuta, nimeifunga kwenye kanga, na mwenye ng'ombe akija nitamuambia ninachokiona, hata kama ni cha kunitoa machozi. Mama hatalala njaa mimi nikiwa hai, hilo naapa, na naapa kwa jasho langu, siyo kwa sahani ya muntu mwingine. Mungu akupe nafasi pana huko.

Lakini ulipoahidi kwenye boti ulishika bega lake na hukumuuliza. Siku Mama atakapokuja kwako, usingoje akae. Muombe radhi akiwa bado mulangoni. Mengine yote nimekufanyia, hilo ni lako.

Mutoto wako,
Zuhura