Mita Tatu za Mathenge

Jumatatu, 27 Oktoba

Siku nzima kwenye ramani ya mwinuko. Kutoka milima ya Nyambene hadi kwetu Garissa, nchi inashuka rangi baada ya rangi. Kahawia, manjano, kijani. Kule milimani kosa la mita tatu si kitu. Huku tambarare ndizo zinazoamua nyumba kubaki kavu au kuzama. Stima imepotea mara mbili.

Eedo, shangazi yangu, kaniletea maziwa ya mbuzi ofisini, kama kila Jumatatu. Mwaka jana yeye na majirani zake walihama kutoka kando ya mto Tana hadi waliko sasa, kwa sababu ramani yangu ilionyesha hapo kiinuko cha mita tatu. Kwa macho huoni kitu, huku kote ni sawa tu. Lakini anajigamba kwamba nilimtafutia kilima.

Alhamisi, 30 Oktoba

Wanawake wamefyeka miti ya mathenge nyuma ya boma la Eedo, wachome makaa. Nimekwenda na kifaa, nimepima ardhi tupu. Mara nne.

Hakuna kilima. Setilaiti ilisoma vilele vya mathenge, nami nikaviita ardhi. Mti wenyewe nimeutukana tangu utotoni kwa miiba yake, na sikuutambua. Mjinga mimi.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nimemwambia mkubwa wangu. Ramani imeshatiwa sahihi, kasema, tungoje kikao. Mvua nayo itangoja kikao?

Jumapili, 2 Novemba

Nimemsihi Eedo ahame. Nikasingizia mvua nyingi. Kacheka. Maji yatamfuata vipi kilimani? Nimerudi nyumbani bila kusema kwamba nilikosea. Mwoga.

Jumatano, 12 Novemba

Siku ya tatu mvua milimani. Maji ya huko yatatufikia. Nimeamua kumwambia ukweli wote. Simu yake imezimwa. Nimekwenda mwenyewe, njia imekatika. Naogopa sana.

Jumamosi, 15 Novemba

Maji yameingia alfajiri. Watu wote wametoka, alhamdulillahi. Mbuzi wa Eedo walikuwa wamefungiwa zizini. Hakusalia hata mmoja.

Maji yakimwagika hayazoleki. Mtu asinitajie methali hiyo tena.

Jumatatu, 24 Novemba

Eedo analala darasani, shule ya msingi, pamoja na familia tano. Leo Jumatatu, nikampelekea maziwa. Ya pakiti, ya dukani.

Nilimweleza yote. Mathenge, setilaiti, ile Jumapili nilipomficha ukweli. Alinisikiliza mpaka mwisho.

Kisha mwalimu mmoja, mtu wa Machakos, akapita akamuuliza nani aliwapeleka kukaa kule bondeni. Eedo akamjibu kwa Kiswahili chake: "Huyu mtoto yetu alipima fizuri, walahi. Ni maji ndio imekosea."

Mwalimu akaenda zake. Kikombe kilikuwa kimoja. Eedo akamimina maziwa, akanipa mimi kwanza. Nikanywa.