Kiu ya Rosine

Kasongo, wiki ya kwanza ya masomo

Yaya Apolline, dada yangu mkubwa mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mume wangu Salomon. Natumaini barua hii itakukuta na afya, na kwamba lile goti limekuachia usingizi. Sisi huku ni wazima, hakuna mgonjwa tena nyumbani, na muhogo umezaa vizuri. Roho yangu tu ndiyo haijatulia, na nitakuambia sababu, hata kama utaona uzito kusoma. Nimemwomba Iliasi wa pikipiki akupe barua hii mkononi mwako.

Unajua tangu mwaka jana tulikuwa tunamtayarisha Rosine wetu kuingia mwaka wa kwanza wa shule ya msingi. Miguu yake haijapata nguvu. Bado anatambaa, amevaa ndala mikononi. Lakini akili yake ni nyepesi. Tulimfundisha kupanda benchi peke yake, kushika chaki, kuitika jina lake lote. Fundi Bulaimu alimtengenezea kiti chenye tundu, na hapa nyumbani anajisaidia bila kumwita mtu. Siku alipoweza mara ya kwanza alijipigia makofi, akatuamuru na sisi tupige.

Mwezi wa sita, kabla masomo hayajafungwa, nilikwenda kutazama choo cha shule. Mtoto anayetembea kwa mikono, nilitaka kujua mikono hiyo itapita wapi. Yaya, nilitapika. Mavi yalikuwa yameenea mpaka mlangoni, mengine makavu, mengine ya asubuhi ile, funza wanatambaa juu, na nyayo za watoto zimepita humo zikaelekea darasani. Direkta, mkuu wa shule, alinijibu kwamba choo kiko hivyo tangu zamani na hakuna mtoto aliyekufa. Wazazi walipokutana, mama mmoja akasema Rosine atawaletea wenzake uchafu kwa mikono yake. Watu wakacheka. Uchafu ni wa watoto wao wenye miguu mizima, lakini aliyewatia kinyaa ni binti yangu.

Mwanao Gédéon alikuwepo, maana ndiye mwalimu wa mwaka wa kwanza. Njiani aliniambia nisihangaike, mtoto atakuwa darasani kwake, na wakati wa likizo atamzoeza yeye mwenyewe. Nilimshukuru Mungu. Tangu ulipomleta kukaa kwetu nimemhesabu kuwa mwanangu, na Rosine anamwita yaya kama kaka yake mkubwa. Kila asubuhi alimbeba mgongoni mpaka shuleni, shule ikiwa tupu, wakaandika ubaoni mpaka jua linakuwa kali.

Likizo ilipokaribia kwisha, midomo ya Rosine ilianza kupasuka. Uji alikataa, chai alikataa. Mkojo wake ulikuwa mweusi kama kahawa, na alilia akikojoa. Pale kituo cha afya waliniambia mtoto huyu hanywi maji. Nilibishana nao, kwa sababu maji hayajawahi kukosekana kwangu. Tuliporudi nikawa namwogesha, nikamuuliza. Alitazama mlango kwanza, kisha akasema: “Mama, yaya Gédéon alisema nikikunywa maji nitaomba kutoka. Nikitoka nitanuka mavi, na yeye hatanibeba tena.”

Nilikwenda kwa Gédéon. Alikuwa mezani, anakula sombe ya majani ya muhogo niliyoipika mimi. Nilimuuliza kama ni kweli, naye akanijibu bila kuacha kutafuna: “Mama mudogo, iko vizuri kwake. Akizoea kukaa bila kunywa, hatasumbua mutu.” Alisema kama mtu aliyegundua dawa. Nikautazama ule mdomo, mafuta ya mawese yanang'aa pembeni, nikauona mchafu kuliko kile choo. Mtoto alikuwa anajipigia makofi, Yaya. Sasa anauonea haya mwili wake.

Nakuambia mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine: nimemfukuza mwanao. Sanduku lake nililitoa nje kwa mikono yangu, na godoro pia. Amehamia kwa rafiki yake Roger. Direkta nilimwambia kwamba nitasimama kanisani nieleze yote, na hapo ndipo akampa Rosine mwalimu mwingine. Salomon amejenga kibanda cha matete nyuma ya darasa, tukaweka kiti cha Bulaimu ndani. Kile choo kingine kiko vilevile, na watoto wa watu wanaendelea kukanyaga. Rosine ameanza Jumatatu, na herufi zake zinasimama wima. Ila nikimpa kikombe ananitazama usoni kwanza, anakunywa kidogo, anarudisha.

Gédéon ni damu yako. Akija kwako mpe chakula na mahali pa kulala, sitakukasirikia. Lakini usitume mtu kuniomba msamaha kwa ajili yake. Akiwa na neno, aje akae chini mbele ya Rosine, amwambie yeye. Na Rosine akikataa kumsikiliza, mimi sitamlazimisha.

Unisalimie shemeji na wote wa nyumbani. Niandikie upesi, hata ikiwa ni kunigombeza.

Mdogo wako,
Clémentine