Ukuta Mbichi wa Baba

Nyumba Na. 9, Mtaa wa Furnace,
Tipton,
Uingereza.
19 Septemba, 1972.

Mpendwa Kaka Josiah,

Habari za huko Adelaide? Mguu wako umepona, au bado unaupandisha ngazi kwa ubishi? Wifi Beryl hajambo? Na watoto, bado wanakwenda shule bila viatu kama ulivyoniandikia? Mimi sijambo, ila nimechoka na nina hasira, kwa hiyo usishangae nikiandika kwa ukali. Mama anaendelea. Analala kidogo na kusali sana.

Baba yu hai. Nimeanza na hilo makusudi, usije ukasoma barua hii huku umeshika kifua. Yu hai, yuko hospitali, na hatajenga tena. Ndugu yetu Clement naye atakuandikia ya kwake, na Clement unamjua, hata akivunja kikombe atasema kikombe ndicho kilichomkosea. Kwa hiyo soma ya kwangu kwanza, halafu uichome. Usiiweke kwenye droo, Kaka. Ichome.

Wiki hizi nimeifikiria sana kampuni yetu ya ujenzi, na naona ilianza kwa ngumi na imeendelea kwa ngumi. Babu Ezra alikuwa na mkokoteni, ngazi na mdomo mchafu. Aliwajengea wachimba makaa zile safu za nyumba za kule mferejini, na mtu akija kuomba kazi alimpiga kwanza konde la kifua. Akibaki amesimama, basi kesho aje. Baba akarithi, na baada ya vita vya Hitler, serikali ilipotaka nyumba za haraka, Garbett na Wanawe wakajenga karibu nusu ya mji huu. Baba hakuwa mtu wa kupiga watu ovyo. Alikuwa na lake moja tu. Unamkumbuka yule bwana wa Bilston pale baa ya Crown? Alisema kwa utani tu, "Amos, ule ukuta wako wa kanisani umelala." Baba akaweka bilauri chini, akamvunja pua, akaichukua bilauri akamaliza bia yake. Asubuhi akampeleka yule bwana, pamba zikiwa puani, akaupime ukuta kwa timazi mbele ya watu. Ulikuwa umenyooka.

Tangu Clement ashike kampuni, tuna ofisi yenye zulia, malori yenye jina letu, na mabango ya familia inayocheka mbele ya nyumba ambayo haijajengwa. Waashi wa zamani amewapunguza mmoja mmoja. Badala yao kuna gari linalopita mitaani alfajiri kuokota vibarua. Leo wapo, kesho hawapo, hawana majina wala bima. Kibarua akianguka kutoka jukwaa la ujenzi anaachwa mlangoni mwa hospitali na gari linaondoka. Mmoja alivunjika mgongo kwetu mwezi wa Machi. Asubuhi ile nilimpa chai mimi mwenyewe, kwenye kile kibanda changu cha chakula pale saiti, na mpaka leo sijui aliitwa nani.

Mgomo wa wajenzi ulipoanza nchi nzima, Noah alikuwa wa kwanza kuweka chini mwiko wake wa uashi. Ndiyo, mdogo wetu, kuigomea kampuni yenye jina lake mwenyewe. Alisema hatajenga pamoja na watu wanaotupwa kama maganda. Clement akakodi mabaunsa kutoka Birmingham, akawapa mipini ya sululu, akawasimamisha langoni. Siku ya kwanza tu walimng'oa Noah meno ya mbele. Wiki iliyofuata wagomaji wakapindua lori la mchanga dereva akiwa ndani. Kisha mtu akarusha tofali dirishani kwa Dilys, mke wa Noah, likapita juu ya kitanda cha mtoto na kuvunja kioo cha kabati. Clement anaapa si yeye aliyemtuma.

Mama, maskini, akadhani chakula cha Jumapili kitawapatanisha. Noah alifika mdomo umevimba. Clement akamtazama, akasema, "Wewe leo utaambulia mchuzi tu." Noah akainua bakuli la mchuzi wa moto, akammwagia kifuani. Wakaangushana juu ya meza na sahani za harusi za Mama zikaisha zote. Baba aliwashika kwenye kola, mmoja huku na mwingine huku, ingawa kifua chake siku hizi kinapiga filimbi kama birika. Akawaambia, "Mkitaka kuuana, kauaneni kwenye matope. Sakafu hii nimeiweka mimi."

Sasa sikiliza jinsi balaa lenyewe lilivyopikwa. Wale vibarua wanaweza kupanga tofali kwa kufuata uzi, lakini kona hawaziwezi, na bila kona uzi utaufunga wapi? Nyumba zote zikakwama urefu wa kiuno. Clement akamwendea Baba kimyakimya, akamwambia jina la Garbett linakufa. Kwa jina hilo Baba angefufuka hata kaburini. Alhamisi alfajiri Clement akampitisha lango la nyuma, amelala kwenye kiti cha gari chini ya turubai, kama mali ya wizi.

Nilimwona alipokuja kibandani kujaza chupa yake ya chai. Nikamwambia, "Baba, una wazimu? Noah yuko langoni hapo na wagomaji."

Akasema, "Noah hatajua. Nawe funga mdomo, nipe chai."

Foleni ilikuwa ndefu na mayai yalikuwa yanaungua. Nikajiambia kazi ikipungua nitamfuata nimrudishe nyumbani kwa kumvuta sikio.

Unaijua desturi ya waashi wa zamani, umelelewa nayo. Hawaingii kibandani kula. Wanakaa chini nyuma ya ukuta waliojenga asubuhi, upande usio na upepo, wanakula mkate wao pale pale. Hawauegemei kwa sababu bado ni mbichi na mota, ule mchanganyiko wa saruji na mchanga, haijashika, wanautazama tu. Vibarua wa siku hizi hawana habari hiyo. Filimbi ikilia wote wanakimbilia kwangu. Ndiyo maana wagomaji walichagua saa ya chakula. Noah ndiye aliyewaambia waje saa hiyo, kuta zianguke na mtu asiumie. Elewa hilo, Kaka, hata kama hutaelewa kingine chochote.

Wakaruka uzio, umati mzima, wakaanza kusukuma kuta mbichi moja baada ya nyingine. Noah alinieleza baadaye. Alisema, "Kezia, zile nyingine zilikuwa takataka, niliziangusha bila kuwaza. Ule mmoja ulikuwa mzuri. Kona imesimama kama imechorwa. Nikasema kumbe humu kuna mwashi wa kweli, anajua kazi, na bado anatusaliti. Nikausukuma kwa bega, kwa chuki yangu yote."

Nilisikia kishindo, kisha ukelele. Haukuwa wa Baba. Ulikuwa wa Noah, aliyeiona kofia ya Baba kati ya tofali.

Nilipofika alikuwa anafukua tofali kwa mikono mitupu, kucha zinamtoka. Wale mabaunsa wakamkuta ameinama na wakaanza kumpiga kwa mipini, mgongoni na kichwani. Hakugeuka. Aliendelea kurusha tofali nyuma huku damu inamwingia machoni. Nilikuwa bado na kikaango mkononi, nikampiga mmoja wao usoni kikiwa na mafuta ya moto, na sijutii. Clement akaja mbio akampokonya mmoja mpini. Nilidhani amekuja kutuokoa, kumbe ni ili ampige Noah yeye mwenyewe. Alimpiga mbavuni mara ya kwanza, akanyanyua tena, ndipo akaliona buti la Baba likitokeza. Mpini ukamtoka mkononi. Akapiga magoti matopeni na suti yake, wakafukua pamoja.

Paja la Baba limevunjika, na mbavu pia. Mkono wa kulia, ule wa mwiko, ulisagika na madaktari wakakata vidole, wakamwachia gumba na kidole kimoja. Kwa siku kadhaa hakufumbua macho.

Polisi wakaanza kuja. Wagomaji wote walisema hawakuona kitu. Clement akawaambia wazi, aliyesukuma ni Noah. Pale ukumbini mwa hospitali akasema, "Safari hii atafungwa, na nitahudhuria." Mama akamzaba kofi lililowatoa wauguzi wodini. Mama, Kaka, mwanamke ambaye hata kuku hachinji. Akamwuliza, "Na aliyemlaza baba yake chini ya turubai afungwe wapi?"

Noah hakukimbia. Alikaa kwenye benchi, kichwa kimefungwa bendeji, akisubiri. Dilys alimsihi aende kwa ndugu zake kule Wales, akakataa. Mambo yote yalining'inia mdomoni mwa Baba. Akifa, Noah ni muuaji. Akiamka na kusema lililotokea, Noah anakwenda gerezani miaka mingi, maana mahakimu wa huku sasa hivi wana njaa ya wagomaji.

Baba alipoamka aliomba maji. Noah ndiye aliyekuwa karibu na jagi, akamshikia kikombe. Baba akaitazama ile mikono isiyo na kucha, akaitazama muda mrefu. Alikunywa, akasema, "Nenda kanawe."

Inspekta alikuja kesho yake. Sote tulikuwepo kuzunguka kitanda, Clement akiwa ameshika kofia yake. Inspekta akasema, "Mzee Garbett, tunataka kujua nani aliusukuma ukuta ule."

Baba akasema, "Hakuna aliyeusukuma. Umeanguka wenyewe."

"Mzee, mwanao huyu ametueleza vingine."

"Mwanangu huyo ni mtu wa ofisi, hajui ukuta. Ule nimeujenga mimi. Niliujenga vibaya. Mota niliitia maji mengi, na kona sikuipima. Ulikuwa umelala tangu asubuhi."

Nilimtazama Clement. Alikuwa ameinamisha kichwa. Inspekta alikuwa mtoto wa hapa hapa Tipton, na nyumba aliyozaliwa imejengwa na Baba. Akasema polepole, "Mzee, unataka niandike hivyo? Kwamba Amos Garbett alijenga ukuta ukaanguka?"

"Andika. Andika na jina langu vizuri."

Akaandika. Baba akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, herufi zimeparaganyika kama za mtoto. Kisha akageuza uso ukutani, na nilijua analia, Kaka, nami sikuwahi kumwona Baba analia, hata alipokufa Babu.

Mgomo umekwisha na watu wamerudi kazini. Clement anakwenda hospitali kila asubuhi kumnyoa Baba ndevu. Hawazungumzi. Noah amepata kazi kwa watu wengine kule Walsall.

Juzi Jumamosi Dilys na mimi tulimshawishi Noah atoke kidogo, tukaenda Crown. Kulikuwa na watu mezani pembeni, vijana wa saiti. Mmoja akasema kwa sauti, "Chungeni msikae karibu na ukuta ule, nasikia nao kajenga mzee Garbett." Meza nzima ikacheka. Noah akasimama. Nikaona ngumi imejikunja, na Dilys akamshika koti. Akasimama hivyo, na sote watatu tulijua kwamba neno moja tu la kumtetea Baba ni kusema ukweli, na ukweli ni jela ambayo Baba amekwisha kuilipia. Akakaa. Akanywa bia yake mpaka ikaisha, wale wakiendelea kucheka.

Huko kwenu saiti kuna watu wa Tipton, najua, na maneno yanasafiri. Utayasikia. Mtu atakuambia ukuta wa baba yako ulilala ukaanguka. Nawe una mkono wa Baba na moto wa Babu. Ukisikia, weka bilauri yako chini, Kaka, kisha uiinue tena, unywe. Utanyamaza kama tunavyonyamaza sisi.

Nisalimie Wifi Beryl, na Reuben, na Hester mdogo, mwambie shangazi yake ameipokea picha yake na iko juu ya jiko. Mama anakubariki na kusema ule vizuri. Mungu awalinde ninyi nyote, na mikono yenu aiache mizima.

Nakukumbatia kutoka mbali,
dada yako,
Kezia