Mlamula wa Katikati

Jumatatu, 10 Juni
Nimesahihisha madaftari ishirini. Mteremko wa mstari bado unawashinda kidato cha kwanza. Wanagawanya mlalo kwa wima. Nimechoka kuandika "geuza".
Mama hali chakula. Ijumaa tunaitwa baraza la kata. Baba mdogo Projestus anadai tumeingia kwenye kibanja chake, shamba lake la jirani. Mwongo. Tangu baba afariki anatuonea tu.

Jumanne, 11 Juni
Nimepima mpaka mwenyewe, kwa hatua. Milamula mitatu, mimea ya mpaka. Babu aliipanda kwa kamba moja iliyonyooka. Hilo hata baba mdogo halipingi. Yeye mashariki, sisi magharibi.
Nimechora kwenye karatasi ya grafu, hatua za mashariki mlalo, za kaskazini wima. Mlamula wa barabarani (0, 0). Wa katikati (20, 30). Wa mtoni (40, 80). Kipande cha kwanza, mteremko 1.5. Cha pili, 2.5. Mstari ulionyooka hauna miteremko miwili. Huu umepinda, umefanya pembe. Mtu kaung'oa wa katikati.
Nimemshika baba mdogo!

Jumatano, 12 Juni
Nimerudia hesabu. Barabarani moja kwa moja hadi mtoni, mteremko ni 2. Basi wa katikati ulipaswa kuwa (15, 30). Uko hatua tano mashariki. Umeingia kwake.
Nikaenda kupima tena. Tano.
Mama alikuwa anamenya ndizi. Karatasi hakuitazama.
"Mlamula aliuhamisha baba yako, mwaka tuliopanda kahawa. Jembe nilishika mimi."
Baadaye akasema, "Ichome hiyo, mwanangu."

Alhamisi, 13 Juni
Sijaichoma. Sikai, sisimami. Nimefagia uwanja mara mbili. Namkasirikia baba na siwezi kumuuliza kitu. Kahawa ile ndiyo iliyonisomesha.

Ijumaa, 14 Juni
Nimeitoa karatasi barazani. Wazee namba hawakuzifuata, wakataka kamba. Tukaivuta shambani, toka barabarani hadi mtoni. Ikapita katikati ya kahawa yetu. Mistari miwili ya mibuni imekwenda kwake.
Mama hajanisemesha. Naona aibu, na sijutii. Vyote viwili.

Jumapili, 16 Juni
Baba mdogo amekuja baada ya ibada. Hakukaa kwanza.
"Shemeji, buni za mistari ile, msimu huu chumeni nyinyi. Mlizipalilia."
Mama akamwekea kiti.
Mimi nilibaki nje. Niliwasikia wakiongea Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, polepole, habari za maharage na mvua.