Baraza Nje ya Geti

Jumamosi, 16 Agosti
Asubuhi barafu nyembamba tena juu ya majani. Nimelima tuta la vitunguu. Udongo mgumu, jembe linadunda. Mpichi umeanza kuchanua, haujali baridi. Salim, mume wangu, alipaka rangi madirisha ya mbele, akajipaka na yeye. Baba kutwa jikoni na koti lake. Tangu aje huku Johannesburg kutoka Tanga hajamaliza sahani hata moja. Tiketi yake ya kurudi ni tarehe sita mwezi ujao. Ameibandika ukutani mwenyewe, karibu na kalenda.

Jumapili, 17 Agosti
Nimemuuliza kinachomkera. "Hapa simsalimu mtu, wala mtu hanisalimu," akasema.
Sitaki arudi. Mama alipofariki niliambiwa kwa simu, nikiwa sokoni Fordsburg na mfuko wa viazi mkononi. Sitaki simu ya pili. Nimemwambia Salim tumjengee Baba baraza.

Alhamisi, 21 Agosti
Baraza inapanda. Matofali yaliyobaki kwenye banda la kuku, saruji kidogo, Salim kila akitoka kazini. Nimeiweka nyuma ya nyumba, inatazama bustani. Jua la asubuhi linapiga pale, upepo haufiki. Nimepanda spinachi mbele yake. Najiona fundi.

Jumamosi, 23 Agosti
Imekauka. Nimetandika mkeka wa Mama. Baba kakaa, kaangalia matuta, kaangalia ukuta. "Mwanangu, hili benchi la kungojea daktari." Kaingia ndani.
Nimekasirika. Nimelima mpaka malengelenge. Tenda wema nenda zako, wanasema. Niende wapi, na huyu ni baba yangu?

Jumapili, 24 Agosti
Hasira zimepoa, akili imerudi. Kwetu baraza iko mlangoni, inatazama njia. Mimi, mtoto wa Tanga, nimejenga baraza isiyoona mpita njia hata mmoja. Miaka yote hii nyuma ya kuta na mageti ya Joburg imenipofua.
Salim hataki kusikia. Anasema nje ya geti tutakuwa tumewajengea wezi kiti. Tumegombana. Nimeshika nyundo mwenyewe.

Jumatano, 27 Agosti
Nimebomoa yote. Salim alinuna, jana kachukua sururu akanisaidia. Tunaijenga upya nje ya geti, kando ya barabara ya vumbi. Jirani kasimamisha gari kuuliza kama tunafungua spaza, kiduka cha mtaani.

Jumatatu, 1 Septemba
Upepo, vumbi jekundu mpaka kwenye sufuria. Baba alitoka na kofia yake na birika la kahawa. Wafanyakazi wa shamba la kuku hupita pale wakienda kupanda teksi, daladala za huku. Wa kwanza alipita kimya. Wa pili alimwamkia babu kwa Kizulu, "Sawubona, Mkhulu." Baba akamjibu kwa Kiswahili, kirefu, akamuuliza na habari za nyumbani. Nilikuwa nyuma ya geti na ndoo, nikichungulia. Yule mtu akacheka, akakaa.
Jioni lakini Baba kapanga nguo sandukuni. Naogopa.

Ijumaa, 5 Septemba
Sanduku liko mlangoni. Mama mmoja anayeuza magwinya, maandazi ya huku, kakaa na Baba mpaka saa nne. Hawana lugha moja, wanaelewana wanavyojua wenyewe. Nimepika wali wa nazi. Baba kamaliza sahani. Kuhusu kesho hajasema lolote, nami siulizi. Nikiuliza nitalia.

Jumapili, 7 Septemba
Jana alfajiri Salim aliwasha gari. Chumbani Baba hayupo. Tukamkuta barazani, birika linafuka moshi. "Yule mama wa magwinya leo anakuja na mumewe," akasema. "Wakute patupu?" Salim akazima gari.
Nimelia jikoni, kidogo tu.
Leo spinachi zimechomoza. Nimekwangua rangi iliyokaukia kwenye vioo. Sanduku nimelirudisha chumbani, hakuna aliyeniuliza. Kesho Salim apitie Fordsburg anunue vikombe vya kahawa. Vyetu havitoshi.